Mali bila daftari: jinsi data ghafi ya darubini ya puto inavyopangwa

Mwaka juzi ami yangu aliniita nyumbani kwake, akaniwekea mbele sanduku la bati lililojaa karatasi. Zilikuwa hati za shamba la babu: risiti za kodi, barua za ofisi, ramani iliyochorwa kwa mkono, na makubaliano ya mpaka yaliyotiwa alama za vidole gumba. Mchwa walikuwa washaanza kuingia. Kwa kuwa nina stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, ukoo mzima ulijua kazi ile ni yangu. Nikatoa simu, nikapiga picha karatasi moja baada ya nyingine kwa siku mbili. Nikazituma zote kwenye kundi la familia, kisha nikazifuta kwenye simu yangu kwa kuwa nafasi ilikuwa imekwisha.

Mwaka huu walikuja watu tusiowajua wakasimamisha nguzo upande wa barabara. Karatasi zenyewe mvua ya masika ilikuwa ishazimaliza, basi tukazirudia zile picha. Zilikuwapo zote. Lakini zilipotumwa zilipunguzwa ukubwa, mihuri haisomeki, tarehe za kupigwa zimepotea, na hakuna ajuaye ukurasa upi wa pili wafuata ukurasa upi wa kwanza. Ami akanitazama, akasema, "Mwanangu, picha unazo. Hati ziko wapi?"

Sikuwa na jawabu. Makosa yalikuwa yangu, tena ya mtu aliyesomea kazi hiyo. Nikaanza kusoma jinsi watu wenye picha nyingi kuliko zetu wanavyozitunza, na nikaishia mahali sikutegemea: kwa wanasayansi wanaorusha darubini angani kwa puto. Wao hupata nafasi moja tu. Puto likishuka, darubini huenda isirudi kamwe, na kilichobaki ni data. Makala haya yaeleza wanavyoipanga, hatua kwa hatua, na mwisho nitasema lipi twaweza kuliiga.

Kwa nini darubini ipandishwe kwa puto

Chukua jiko la makaa baada ya chakula kuiva. Makaa yamefifia, jikoni pana giza, lakini ukisogeza kiganja wahisi joto. Joto lile lakufikia likiwa mwanga, ila ni mwanga ambao jicho halioni. Huo ndio huitwa mwanga wa infraredi. Aliyeugundua ni William Herschel mwaka 1800, alipoweka vipimajoto kwenye rangi za mwanga wa jua zilizotenganishwa na kioo. Kipimajoto alichokiweka kando ya rangi nyekundu, pasipo na rangi yoyote, kilionyesha joto.

Wataalamu wa nyota wautaka mwanga huu kwa sababu nyota huzaliwa ndani ya mawingu ya vumbi. Vumbi huuzuia mwanga wa kawaida, kisha hupata joto na kulitoa tena kwa njia ya infraredi ya mbali. Anayetazama kwa jicho la kawaida huona giza, na anayetazama kwa infraredi huona nyota zinazaliwa.

Tatizo ni mvuke wa maji. Sisi wa Mombasa, Malindi na Lamu twajua hewa yenye unyevu ilivyo, na mvuke huo huo humeza infraredi ya mbali kabla haijafika chini. Satelaiti huepuka tatizo hilo, lakini ni ghali mno. Njia ya katikati ni puto la heliamu. Huenda wengi wakumbuka maputo ya intaneti yaliyopita juu ya Kenya mwaka 2020 kabla ya mradi ule kufungwa mwaka 2021. Yale yalielea kiasi cha kilomita 20 juu. Puto la darubini hupanda hadi kiasi cha kilomita 38, ambako zaidi ya asilimia 99 ya hewa yote iko chini yake.

BLAST

Mfano nitakaoutumia ni darubini iitwayo BLAST, mradi ulioongozwa na Mark Devlin wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, pamoja na wenzake wa vyuo vya Toronto na British Columbia nchini Kanada, Cardiff nchini Uingereza, na vyuo vinginevyo. Ilikuwa na kioo cha kipenyo cha karibu mita 2, na ilitazama urefu wa mawimbi wa aina tatu: mikromita 250, 350 na 500.

Nyuma ya kioo mlikuwa na vipokezi vidogo zaidi ya 250 viitwavyo bolomita. Bolomita ni kipimajoto chepesi mno kuhisi. Mwanga ukiigusa hupata joto kidogo sana, na umeme unaopita ndani yake hubadilika. Lakini kila kitu chenye joto hutoa infraredi, hata darubini yenyewe. Ndiyo maana bolomita zilipoozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi sehemu 0.3 tu ya nyuzi juu ya baridi ya mwisho iwezekanayo, yaani karibu nyuzi 273 chini ya sifuri.

Kinachotoka si picha

Hapa ndipo wengi hukosea, na mimi nilikosea. Twadhani darubini hupiga picha kama simu, ikahifadhi faili, kazi imekwisha. BLAST haikuwa hivyo. Ilipangusa anga kwenda na kurudi kama mtu afagiaye ua, na kila bolomita ilitoa namba moja mara 100 kwa sekunde. Vipokezi zaidi ya 250 mara 100 ni namba zaidi ya 25,000 kila sekunde. Kwa safari ya siku 11, hizo ni zaidi ya bilioni 23.

Ndani ya bilioni hizo hamna hata namba moja iliyoandikwa "galaksi". Sehemu kubwa ni joto la hewa iliyosalia na la darubini yenyewe, na mwanga wa mbali unaotafutwa umezama humo ndani. Ili namba moja iwe na maana, sharti ijulikane imetoka kipokezi kipi, wakati gani hasa, darubini ikielekea wapi, na hali ya vyombo ikiwaje wakati huo. Moja ya hizo nne ikikosekana, namba ile ni sawa na picha zangu kwenye kundi la familia.

Folda moja, faili moja kwa kila chombo

Timu ya BLAST ilitumia mpangilio ujulikanao kwa jina la dirfile, uliobuniwa na C. Barth Netterfield wa Chuo Kikuu cha Toronto. Ni mpangilio mwepesi kueleweka kuliko nilivyotarajia.

Kwanza, kila kipande cha safari chapewa folda yake. Ndani ya folda, kila chombo kina faili yake peke yake: bolomita ya kwanza yake, ya pili yake, kipimajoto cha tangi la heliamu yake, na kadhalika. Faili hizo hazina maneno. Zina namba tupu, zimejipanga foleni kwa kufuata wakati.

Pili, ndani ya folda hiyo hiyo mna faili moja ya maandishi ya kawaida, iitwayo "format", ambayo mtu yeyote aweza kuifungua na kuisoma. Hiyo ndiyo daftari. Yaeleza kila faili ni ya chombo gani, namba zake ni za aina gani, na yafaa kuzidisha na kujumlisha nini ili namba ghafi igeuke kuwa volti au nyuzi za joto.

Tatu, vyombo havina kasi sawa. Bolomita yasomwa mara 100 kwa sekunde, lakini joto la tangi halibadiliki haraka hivyo, basi laweza kusomwa mara chache. Daftari laandika kila chombo chatoa namba ngapi katika kila fungu la wakati, na mafungu yote yana nambari za mfululizo. Ukitaka kujua tangi lilikuwa na joto gani bolomita fulani iliposhtuka, wafungua fungu lenye nambari ile ile kwenye faili zote mbili.

Nne, na hili ndilo lililonigusa zaidi: hesabu za baadaye hazifutii namba ghafi. Mtu akitaka wastani wa vipimajoto viwili, haandiki juu ya faili za zamani. Aongeza mstari kwenye daftari usemao "chukua hiki, jumlisha na kile, gawanya kwa mbili", na programu hufanya hesabu kila inapohitajika. Kesho ikigunduliwa kwamba hesabu ilikosewa, mstari warekebishwa, na ghafi iko pale pale kama ilivyoteremka.

Faida ni nyingi. Anayetaka chombo kimoja hafungui mzigo wote. Faili moja ikiharibika, nyingine ni nzima. Na kwa kuwa faili hukua tu kwa mwisho, wahandisi waweza kuzitazama puto likiwa bado angani.

Saa na mwelekeo

Data ya kila aina yahitaji saa moja ya kuaminika. Kama saa ya bolomita na saa ya kamera zikitofautiana hata sehemu ndogo ya sekunde, galaksi itachorwa mahali pasipo pake, kwa sababu darubini ilikuwa ikitembea.

Mwelekeo nao una faili zake. BLAST ilibeba kamera mbili za mwanga wa kawaida zilizopiga picha za nyota na kuzilinganisha na orodha ya nyota zijulikanazo, kama nahodha wa zamani aliyejua alipo kwa kutazama juu. Kati ya picha na picha, jairoskopu zilijaza pengo kwa kupima kila mzunguko mdogo. Angani, mwelekeo ulijulikana kwa usahihi wa kiasi cha sekunde 30 za tao. Baada ya kushuka, kwa kuzirudia faili zote kwa utulivu, usahihi ukafikia chini ya sekunde 5 za tao, ambazo ni kama upana wa sarafu ukiitazama kutoka umbali wa kilomita moja. Marekebisho hayo yaliwezekana kwa sababu picha za nyota na namba za jairoskopu zilihifadhiwa zote, wala hayakuhifadhiwa matokeo ya mwisho peke yake.

Kutoka ghafi hadi ramani

Kazi ya kutengeneza picha huanza baada ya hapo, na kila ngazi yapewa folda yake mbali na ile ya ghafi.

Ngazi ya kwanza ni kusafisha. Chembe zenye nguvu kutoka anga za mbali hupiga bolomita na kuacha mruko wa ghafla kwenye namba. Mruko huo haufutwi. Huandikwa kwenye orodha ya pembeni kwamba kuanzia namba hii hadi ile msitumie. Pia huondolewa mabadiliko ya polepole yatokanayo na joto la vyombo.

Ngazi ya pili ni kusawazisha vipimo. Kipokezi kimoja kina nguvu kuliko kingine, basi wote hulinganishwa na kitu ambacho mng'ao wake wajulikana. Katika safari ya 2006 kitu hicho kilikuwa nyota kubwa iitwayo VY Canis Majoris.

Ngazi ya tatu ndiyo ramani. Anga lagawanywa vyumba vidogo, yaani pikseli, na kila namba safi yatiwa kwenye chumba chake kwa kufuata saa na mwelekeo. Chumba kimoja hupitiwa mara nyingi na vipokezi vingi kutoka pande tofauti, na wastani wa mapito hayo huizima kelele na kuubakisha mwanga. Haba na haba hujaza kibaba.

Ramani iliyokamilika huhifadhiwa kwa mpangilio mwingine uitwao FITS, uliochapishwa mwaka 1981 na unaotumiwa na wanajimu ulimwenguni kote. Ndani ya FITS, picha na maelezo yake havitengani. Faili yaanza na mistari ya maandishi yenye herufi 80 kila mmoja, ikitaja darubini, tarehe na kipimo, kisha ndipo picha yafuata. Sharti lake kuu ni kwamba faili ya zamani lazima isomeke daima. Kwa sababu hiyo Maktaba ya Vatican iliuchagua mpangilio huu wa wanajimu kuhifadhia picha za miswada yake ya kale. Nilipolisoma hilo niliiwaza miswada iliyo majumbani mwa watu Lamu, Pate na Siyu.

Faida ya kutoigusa ghafi

Mwezi Juni mwaka 2005 BLAST ilirushwa kutoka Kiruna, kaskazini mwa Uswidi, ikaelea kiasi cha siku 4 hadi kaskazini mwa Kanada. Data ilipofunguliwa, picha zilikuwa na ukungu. Kioo kilikuwa na hitilafu na mwanga haukukutana vizuri.

Lau wangalikuwa wamehifadhi picha zilizokwisha kutengenezwa peke yake, safari ingalipotea nusu. Lakini namba ghafi zilikuwapo. Walitazama jinsi ukungu ulivyolitawanya umbo la vitu vijulikanavyo kuwa ni nukta, wakaujua umbo la ukungu wenyewe, kisha wakapiga hesabu ya kuurudisha nyuma. Haikuwa kamili, lakini matokeo yalichapishwa.

Sanduku kwenye barafu

Satelaiti yaweza kumimina data yake chini mara kwa mara. Satelaiti ya Italia iliyoitwa BeppoSAX, kati ya 1996 na 2002, ilikuwa ikituma ilichokusanya kwenye kituo cha Malindi katika kila mzunguko wake. Watu wa Malindi waliopita karibu na minara ile walikuwa jirani na data ghafi ya nyota bila kujua. Puto lililo juu ya Antaktika halina Malindi yake. Njia ya mawasiliano ni nyembamba, hupitisha sehemu ndogo tu kwa ajili ya uangalizi. Data yote hukaa kwenye diski zilizobebwa na darubini yenyewe.

Tarehe 21 Disemba 2006 BLAST ilirushwa kutoka karibu na kituo cha McMurdo, Antaktika, ikakaa angani siku 11. Darubini ilifanya kazi vizuri. Ilipotua, mwavuli wa kushukia ulikataa kuachia. Upepo ukaukamata, ukaiburura darubini juu ya barafu kiasi cha kilomita 200, ikivunjika vipande vipande njia nzima. Waliokwenda kutafuta walizipata diski, na data ilikuwa nzima.

Kutokana na data hiyo, mwezi Aprili 2009 timu ilichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonyesha kwamba zaidi ya nusu ya mwanga wa infraredi ya mbali unaoenea angani watoka kwenye galaksi za mbali sana, za enzi za ujana wa ulimwengu. Chombo kilikuwa kimekufa miaka miwili nyuma, lakini diski zilisomeka, na kila namba ilijua imetoka wapi. Baadaye darubini iliundwa upya na kurushwa tena Antaktika mwaka 2010 na 2012.

La kuiga

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwenye hati za shamba, miswada, picha za ukoo au kumbukumbu za chama cha wavuvi, haya yawezekana kwa simu ya kawaida na daftari la shilingi chache:

Picha ya kwanza kutoka kwenye chombo ndiyo ghafi. Iweke kwenye folda yake na usiikate, usiipake rangi, usiipunguze. Ukitaka kuirekebisha, rekebisha nakala.

Ipe kila picha jina lenye mwaka, mwezi, siku, jalada na ukurasa, kwa mtindo mmoja kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.

Katika kila folda weka faili moja ya maandishi: nani alipiga, lini, wapi, karatasi zilitoka sanduku lipi, zilikuwa na mpangilio gani. Iandike siku hiyo hiyo, maana baada ya mwezi utakuwa wabahatisha.

Yenye kasoro usiifute. Andika pembeni kwamba ina kasoro gani.

Weka nakala tatu, na moja kati yake ikae nyumba nyingine. Kabla ya kufuta popote, fungua nakala uhakikishe yasomeka.

Mimi nimeanza upya. Nimeomba nakala ofisi ya ardhi, na binamu yangu amekuta picha 14 ambazo alizipiga mwenyewe siku ile kwa simu yake na hakuzituma kwa mtu. Zina tarehe, zina ukubwa wake, na kwenye moja muhuri wa makubaliano ya mpaka wasomeka. Mengine hatuna, na nguzo bado zimesimama. Kama nyumbani kwako kuna sanduku la bati, lifungue wiki hii, na uanze na daftari kabla ya kuishika simu.